Uhasibu umejaa? Jibu kwa kijana wa ECA

Mdogo wangu, umesema umemaliza kidato cha sita kwa ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu), unataka kujaza uhasibu, ila mjomba wako anakwambia wahasibu wamejaa mtaani. Mjomba hajadanganya. Wenye shahada wamejaa kweli. Wanaoweza kufunga hesabu za mwezi bila kushikwa mkono ni wachache, na mimi nilipomaliza chuo sikuwa mmoja wao.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa duka la vifaa vya ujenzi, Kariakoo, kwa mshahara ambao hata mama sikumtajia. Wiki ya pili nikapewa usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha daftari letu na taarifa ya benki. Tofauti ikatoka 270,000. Nikapekua vocha (hati za malipo na mapokezi) siku mbili nzima. Mama mmoja karani wa pale, elimu yake cheti, akaniangalia akauliza, "Mwanangu, umegawanya kwa tisa?" Nikagawanya: 30,000 kamili. "Tofauti ikigawanyika kwa tisa, mara nyingi kuna tarakimu zimegeuzwa." Haikupita nusu saa nikaiona: hundi ya mteja ya 1,630,000 imeandikwa 1,360,000. Na mwandiko ulikuwa wangu.

Pale pale ndipo nilipoijua kodi. Bosi alikuwa ananunua nondo bila risiti ya EFD (mashine ya risiti ya kielektroniki) kwa sababu bei inashuka kidogo, halafu kila mwezi analalamika VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inammaliza. Bila ile risiti hakuna VAT ya manunuzi ya kukata kwenye VAT ya mauzo, kwa hiyo asilimia 18 ya mauzo anaibeba yote. Nilimpigia hesabu nyuma ya karatasi ya oda. Tangu siku hiyo akaacha kuniita "kijana wa vocha".

Kuhusu ajira, usiwaze dirisha la mhasibu tu. Niliosoma nao wako halmashauri, benki kwenye mikopo, SACCOS, miradi ya wafadhili (huko ripoti hazina mchezo), na mmoja anawaandalia wafanyabiashara wadogo ritani (taarifa za kodi) za TRA, ana wateja kuliko anavyoweza kuwahudumia. Mimi niliishia kwenye ukaguzi wa hesabu. Unazunguka mikoani, unalala gesti, unahesabu magunia ghalani, lakini kwa miaka miwili unaona biashara za kila aina.

CPA, cheti cha uhasibu wa kitaaluma, usiichelewe. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, iko Mei na Novemba, na shahada ya uhasibu inakupa msamaha wa ngazi za mwanzo. Mimi nilijipa miaka minne "ya kupumzika", nikarudi kwenye vitabu nikiwa na mtoto anayelia usiku. Somo la kodi nilirudia mara mbili, mimi huyu niliyekuwa namfundisha bosi VAT.

Wanaosema kompyuta itatumaliza, sawa, programu inajumlisha vizuri kuliko mimi. Ila ile 1,360,000 ingeipokea bila kuuliza.

Na mjomba wako, kama ana duka au anamjua mwenye duka, muombe vocha za mwezi mmoja na taarifa ya benki, ukae navyo kabla hujatuma maombi ya chuo. Usingizi ukikubeba kabla hujafika tarehe kumi, jaza kozi nyingine.