Majibu ya mama mkubwa yamebaki kwenye kompyuta ya watu

Swali la wiki hii la jarida ni je, simu na kompyuta zimempa mgonjwa nguvu zaidi hospitalini au zimemrahisishia kazi dokta tu. Mi nipo Newala, nina kibanda cha uwakala wa pesa, na jibu langu ni kwamba mpaka sa hivi aliyefaidi zaidi ni hospitali, mgonjwa bado anatoka mikono mitupu, tena mara nyingine mitupu kuliko zamani.

Zamani, na zahanati nyingi hadi leo, unanunua daftari la kawaida la shule, dokta anaandika humohumo presha ngapi, sukari ngapi, umepewa dawa gani, afu unaondoka nalo. Mwandiko hausomeki sawa, panya wanalitafuna sawa, lakini ni lako, ukienda hospitali ya Ndanda au Nyangao au Ligula unalitoa kwenye mfuko unampa dokta wa huko anaanzia alipoishia mwenzie. Sasa imekuja mifumo ya kompyuta ya kutunza taarifa za wagonjwa, serikalini kuna unaoitwa GoTHOMIS na hospitali nyingine zina ya kwao, na sikatai ni kitu kizuri, hela unalipa kwa kontrol namba haipitii mfukoni mwa mtu na faili halipotei hovyo. Ila majibu ya vipimo yanaingia kwenye kompyuta, dokta anayasoma kwenye kioo amekugeuzia mgongo wa kompyuta, anakwambia "haya mama, tuendelee na dawa zilezile", basi, umetoka na cheti cha dawa tu.

Mama mkubwa wangu ana presha na sukari. Alipimwa figo sehemu moja (sitaji) tukalipa, afu akapewa rufaa, na kwenye barua ya rufaa wameandika maneno mawili matatu hata ile namba ya kreatinini, ndo kipimo chenyewe cha figo, haimo. Kule tulikopelekwa wakasema sie hatuoni vya wenzetu, atoe damu upya. Hela tena, na kulala tena mjini kwa ndugu, kwa ajili ya namba moja ambayo ingeingia kwenye meseji ikabaki na nafasi ya salamu. Huku kwetu mnada wa korosho ukiisha tu mkulima ana bei ya kilo kwenye simu hata kabla viongozi wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, hawajarudi kijijini, anajua mzigo wake uko ghala gani na umeuzwa shilingi ngapi, lakini damu yake mwenyewe iliyokaa maabara hajui imesema nini.

Na watu wakisikia teknolojia wanawaza programu ya kupakua na smartfoni ya laki tatu. Hapana jamani. Vitu vilivyofanya kazi nchini vimepita kwenye kitochi. Wazazi Nipendeni ilianza 2012, mjamzito alikuwa anatuma neno "mtoto" kwenda 15001, anaanza kupata meseji za bure kulingana na umri wa mimba. m-mama, ambayo imetangazwa kwenda nchi nzima 2022, ni namba 115 tu, unapiga bure, wanatafuta usafiri wa mzazi au kichanga aliyezidiwa, na kama ambulensi haipo wanampa kazi dereva wa hapohapo kijijini ambaye analipwa kwa simu. Hapo mama hahitaji bando wala hajui neno programu, ila ana nguvu, kwa sababu hasubiri mtu amhurumie na gari lake.

Kuna muuguzi mteja wangu tunabishana sana kuhusu hili, yeye anasema mgonjwa ukimpa majibu yake atapaniki, au ataenda kuuliza WhatsApp. Hoja ya WhatsApp naipokea, maana jirani yetu aliacha metfomini, dawa yake ya sukari, kwa klipu ya mtu anauza unga wa majani. Lakini nadhani anaamini klipu kwa sababu hana kingine cha kusoma. Angekuwa na meseji inayosema sukari yako ya kufunga leo ni 9, na kuanzia 7 kwenda juu ndo kisukari, angepima tena baada ya huo unga akajionea mwenyewe. Na hili la kupaniki wenzetu walishalijaribu, Marekani mwaka 2010 walianza jaribio linaitwa OpenNotes, madaktari 105 wakawaruhusu wagonjwa kusoma kila wanachoandika juu yao, na mwaka ulipoisha hakuna dokta hata mmoja aliyechagua kuacha. Toka Aprili 2021 kule ni sheria. Hata sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kuziona taarifa zako, na za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwaiyo ukiomba dirishani wakuprintie majibu huombi hisani, na kama printa haina wino (haina wino kila siku sijui kwanini) omba upige picha kioo kwenye ukurasa wako, mama mkubwa sa hivi tunamfanyia hivyo na dokta mmoja kijana alifurahi kweli kuona picha za nyuma.

Ila ninachokiogopa kwenye meseji nakiona hapa kibandani kila siku. Wazee wananiletea simu niwasomee, "mwanangu hebu niangalizie hii imesemaje", nafungua nakutana na mambo ya ndani ya nyumba ya mtu. Wapo wanawake wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mume, wapo wanaochangia simu moja nyumba nzima. Sasa mtu anayechukua dawa CTC, kliniki ya wenye VVU, ikiingia meseji ya "usisahau kliniki kesho" na simu iko kwa shemeji, hapo hujampa nguvu, umemvunjia nyumba. Wakati wa kuandikisha wanauliza namba ya simu tu. Waulize na simu hiyo ni ya nani, nani anaisoma, na tukikutumia majibu unataka yaje kwa maandishi, tukupigie, au yakusubiri mpaka uje mwenyewe.