Karatasi ya kahawia si ushahidi wa umri

SWALI: Nimenunua mnadani hapa Oklahoma picha yenye fremu inayoonyesha mamia ya Wachoctaw, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Marekani, wakigombea mpira kwa fimbo. Chini pana jina la mchoraji George Catlin, karatasi imegeuka kahawia, na muuzaji amenipa cheti cha uhalisi. Je, hii ndiyo picha ya asili?

JIBU: Sivyo. Catlin aliushuhudia mchezo huo mwaka 1834, katika eneo ambako Wachoctaw walihamishiwa baada ya kuondolewa Mississippi, na mchoro wake mashuhuri, wa kati ya 1846 na 1850, ni wa rangi za mafuta juu ya turubai. Uko Washington, katika makumbusho ya Smithsonian, yaliyokabidhiwa mkusanyiko wake mwaka 1879. Yako ni chapa ya karatasi. Cha kujua ni imechapwa lini.

Hapo ndipo rangi ya kahawia inapowapoteza watu, na kila mara nikikutana na hoja hiyo nachoka. Ukahawia huletwa na asidi, si na miaka peke yake. Karatasi hafifu ya rojo la mbao, ikipigwa na jua au ikibanwa kwenye ubao wa fremu, hugeuka hivyo katika muda mfupi, ilhali karatasi njema ya matambara ya mwaka 1844, Catlin alipochapisha London albamu yake ya litografia (picha zinazochapwa kwa jiwe lililochorwa), mara nyingi bado ni nyeupe. Wapo hata wanaoichovya karatasi mpya kwenye chai, kisha wakapandisha bei.

Itoe picha kwenye fremu, chukua lenzi ya kukuza mara 10, uangalie anga juu ya wachezaji. Ukiona nukta za buluu, nyekundu, njano na nyeusi zilizojipanga sawasawa, hiyo ni kazi ya mashine ya zama zetu. Litografia ya 1844 huonyesha chembe zisizo na mpangilio, alama ya kalamu yenye mafuta iliyopita juu ya jiwe, na kama ilipakwa rangi kwa mkono, utaona brashi imevuka mstari hapa na pale, pengine kwenye zile fimbo mbili anazoshika kila mchezaji.

Mambo hayo hayaonekani katika picha ya kawaida ya simu, nayo ndiyo pekee ambayo wengi wa watoa vyeti huiomba, pamoja na ada yao. Mtu wa namna hiyo akijitolea pia kukung'arishia karatasi kwa dawa ya kufulia, iwe chapa yako ni ya thamani au la, usimwachie: klorini hukatakata nyuzi za karatasi, na hakuna mhifadhi awezaye kuziunga tena.