Kiwanja kiko mita 500 kutoka kituo cha treni: je, ni dakika 6 kwa miguu?

SWALI: Ndugu mtaalamu, niko kwenye timu inayochora mradi wa fleti. Tukipima kwa rula juu ya ramani, kiwanja chetu kiko mita 500 kutoka kituo cha treni. Katikati pana uzio na barabara ya njia sita, na lango letu pekee liko upande wa nyuma, hivyo ukifuata barabara zilivyo sasa ni mita 1,100. Mwenye mradi anataka tuandike "dakika 6 kwa miguu" ili aruhusiwe kuongeza ghorofa na kupunguza maegesho. Je, ni sahihi? Na baiskeli tuzipangie vipi?

JIBU: Msiandike hivyo. Nia ya kuweka nyumba nyingi karibu na kituo naiunga mkono kabisa. Kilichokosewa ni kipimo.

Dakika 6 zimepatikana kwa kugawanya 500 kwa 80, yaani mita ambazo mtu mzima mwenye afya hutembea kwa dakika moja. Lakini mkazi hataruka uzio. Atatembea mita 1,100, karibu dakika 14, na hapo bado hajasubiri taa wala kushuka kutoka ghorofa ya saba. Mzee, au mama aliyemshika mtoto mkono, atachukua zaidi ya dakika 20.

Duara linalochorwa kwa bikari kuzunguka kituo hudanganya hata pale ambapo hapana uzio. Duara lenye nusukipenyo cha mita 800 lina hekta 200 hivi. Mitaa ikiwa imenyooka na kukatana kwa pembe mraba, eneo linalofikika kwa kutembea mita 800 ni hekta 128 tu, sawa na asilimia 64. Na huo ni mtandao mzuri wa mitaa. Kwenye mitaa isiyo na pa kutokea, eneo hilo husinyaa zaidi. Kwa hiyo kabla ya kujadili idadi ya ghorofa, fungueni lango la pili upande wa kituo na mpate njia ya mkato inayokatiza uzio. Kwa maoni yangu, hakuna fedha nyingine katika mradi huu itakayoleta faida kubwa kuliko hiyo.

Kisha ni ile barabara ya njia sita. Njia moja ikiwa na upana wa mita 3.5, mtu ana mita 21 za kuvuka. Anayetembea mita 1.2 kwa sekunde atahitaji sekunde 18. Mzee anayetembea mita 0.8 kwa sekunde atahitaji 26. Taa ya kijani ya sekunde 20 itamwacha katikati ya magari. Ombeni kisiwa cha kupumzikia katikati na muda unaomtosha mtu wa polepole. Angalieni pia kusubiri: taa zikizunguka kwa sekunde 120 na kijani ya waenda kwa miguu ikiwa 20, wastani wa kusubiri ni sekunde 42. Hizo nazo ni sehemu ya safari, zihesabuni.

Mtu atawashauri daraja la juu la waenda kwa miguu. Likataeni ikiwa kivuko cha chini kinawezekana. Kupanda mita 5.5 kwa mteremko wa 1 kwa 12, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za kwenda mbele, kunadai mita 66 kila upande, bila kuhesabu sehemu za kupumzikia. Wengi watavuka chini hata hivyo, na mwenye kiti cha magurudumu ndiye atakayelipa gharama ya urefu huo.

Baiskeli hubadilisha hesabu yote. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, dakika 10 ni kilomita 2.5, na eneo linalofikika ni karibu mara kumi ya lile la mtembeaji wa dakika hizohizo. Kwa hiyo njia yenu ya mkato itatumiwa pia na majirani walio mbali. Ipeni upana wa mita 3 au zaidi kwa baiskeli za pande zote mbili, na waenda kwa miguu wawe na sehemu yao. Ndani ya mradi, mitaa ikiwa na magari yasiyozidi kilomita 30 kwa saa, hamhitaji njia tofauti ya baiskeli. Chumba cha kuhifadhia baiskeli kiwe usawa wa ardhi, karibu na mlango kuliko gari lolote. Na kituoni pawe na pa kuziacha salama: kituo cha Utrecht nchini Uholanzi kina hifadhi ya baiskeli 12,500, nayo hutumika kweli.

Kuhusu maegesho: nafasi moja, pamoja na pa kugeuzia, hula mita za mraba 25 hadi 30. Punguzeni, lakini ziuzwe au zikodishwe peke yake, zisijumuishwe katika bei ya fleti, ili asiye na gari asilipie. Kitongoji cha Vauban mjini Freiburg, Ujerumani, kiliweka sehemu kubwa ya magari kwenye majengo ya maegesho pembezoni, na tramu, yaani treni ya mjini ipitayo barabarani, ikafika hapo mwaka 2006.

Hayo yote yanategemea jambo ambalo hukulitaja: treni hupita kila baada ya muda gani? Ikiwa ni kila dakika 40, wakazi watanunua magari hata mkiwajengea mlangoni pa kituo. Hapo msipunguze maegesho kabla ya kupata ahadi ya ratiba.

Njia ya mkato ikipatikana, iandikwe kwenye hati za kibali kuwa haki ya umma, wazi usiku na mchana, yenye taa, na ikamilike kabla mkazi wa kwanza hajahamia. Pimeni upya kutoka mlango wa kila jengo, muandike dakika mtakazozipata.