Fundi Anajibu: Tairi la lami au la tope?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni bwana shamba, naendesha pikipiki ya Yamaha DT 125: lami ya Njombe hadi Makambako, kisha tope la vijijini. Tairi la nyuma limebaki kipara. Nivalishe la kashata kubwa, yaani meno makubwa ya mpira?

JIBU: Marahaba. Kashata kubwa hushika tope, lakini lami huzila upesi, na ikilowa utateleza kwenye kona. Chukua za wastani, zilizosogeleana katikati na kuachana pembeni. Saizi ibaki 4.10-18. Soma tarakimu nne ubavuni: 2319 ni kwamba lilitengenezwa wiki ya 23, mwaka 2019. Hilo limezeeka, mwachie muuzaji, hata liking'aa vipi. Mshale wa ubavuni mwa tairi uelekee gurudumu linakozungukia. Na tyubu mpya, tafadhali. Ile yenye viraka vitano fungia mzigo.