Serikali ya kijiji imekwenda chama kingine: je, shamba nililogawiwa bado ni langu?

Swali: Mimi ni mkulima wa zabibu wilayani Chamwino. Serikali ya kijiji iliyopita ilinigawia ekari tano. Uchaguzi wa Novemba 27, 2024 chama kingine kikachukua uenyekiti pamoja na wajumbe wengi. Mwenyekiti mpya anadai aliyenipa ameshaondoka, kwa hiyo mgao umekufa. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, ndugu yangu. Ardhi hukupewa na mwenyekiti wala chama chake. Ulipewa na halmashauri ya kijiji, na kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 halmashauri hiyo ina nafsi yake kisheria: inamiliki mali, inashtaki na kushtakiwa. Wajumbe wake, 15 hadi 25, hubadilika, yenyewe haifi. Wanaoingia hurithi madeni, mikataba na migao, hata ile waliyoipinga majukwaani.

Lakini usishangilie bado. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji, yaani wa wakazi wote watu wazima, haujaridhia. Mashamba mengi yanapotelea hapo: mtu ana barua safi yenye mhuri, kumbe mkutano haukuitishwa. Mwenyekiti mpya akiligundua hilo, hoja yake itakuwa ya kisheria kabisa, na chama chake hakitahusika.

Kwa hiyo nenda kwa mtendaji. Yeye ni mwajiriwa, hakupigiwa kura, na ndiye katibu wa halmashauri. Omba nakala ya muhtasari wa mkutano mkuu ulioridhia mgao wako, uusome mstari kwa mstari. Tarehe yake itangulie ya barua yako. Jina lako, ekari na mipaka vitajwe waziwazi. Kuandikwa tu "maombi ya ardhi yalipitishwa" hakutakusaidia. Orodha ya mahudhurio iambatanishwe, yenye saini na alama za dole gumba.

Vyote vikiwepo, omba mapema hatimiliki ya kimila, yaani hati ya kijiji inayothibitisha haki yako juu ya shamba. Ombi litapitia kwa viongozi hawa hawa wapya, basi nenda kwa heshima, bila shari. Wakikugomea, anzia usuluhishi kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji.

Na kama mkutano haukufanyika, usingoje kesi. Iandikie halmashauri ombi lako lipelekwe kwenye mkutano mkuu ujao, ambao unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Siku hiyo uwepo mwenyewe, pamoja na majirani unaopakana nao.