Ubaharia wa yoti za kifahari: tunajibu maswali yenu

Nimemaliza kidato cha nne, naishi Nungwi, kuogelea najua. Nianzie wapi?

Anzia kwa daktari, kozi ije baadaye. Baharia hapandi chombo bila cheti cha afya, na cheti hicho hudumu miaka 2 tu, au mwaka 1 kwa aliye chini ya umri wa miaka 18. Kijana mwenye siha njema anaweza kuangushwa na macho. Daktari humwonyesha kurasa zilizojaa vitone vya rangi, asome namba iliyojificha humo. Asiyetofautisha nyekundu na kijani hapewi zamu ya usiku, kwani taa nyekundu ni ubavu wa kushoto wa chombo na ya kijani ni wa kulia. Akizichanganya, hajui chombo cha mbele kinaelekea wapi. Jikoni au kwenye huduma za ndani bado ana nafasi, lakini ni heri alijue hilo kabla ya kutoa ada. Waulize Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar ni daktari gani anayetambuliwa.

Kisha chukua mafunzo ya msingi ya usalama ya STCW, yaani mkataba wa kimataifa wa viwango vya mafunzo na vyeti vya mabaharia: kujiokoa baharini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama binafsi na wajibu kazini. Yoti nyingi hutaka pia cheti cha uelewa wa ulinzi wa chombo. Chuo cha Bahari Dar es Salaam hufundisha kozi hizi. Kujiokoa na kuzima moto hurudiwa kila baada ya miaka 5. Jiandae: utaruka majini na jaketi la kuokolea, kisha utageuza chelezo cha uokozi kilichopinduka.

Miaka 3 nimekuwa kwenye boti ya kupeleka wageni Mnemba. Inahesabika?

Inahesabika ikiwa imeandikwa. Muombe nahodha barua sasa, kabla hamjapotezana: jina la boti, urefu wake kwa mita, tarehe ya kuanza na kuacha, kazi uliyofanya, sahihi na namba ya simu.

Kamba na nanga unazijua tayari. Usafi wa yoti ndio utakaokuwa mgeni kwako, na baharia mpya huo ndio mkate wake. Anza juu, shuka chini. Suuza chumvi kwa maji yasiyo ya bahari kwanza, ndipo utie sabuni, maana chembe za chumvi zikisuguliwa hukwaruza rangi. Kausha kwa kitambaa kabla jua halijakausha, la sivyo kila tone litaacha doa. Sitaha ya mtiki isugue kwa brashi laini, ukikata nyuzi za mbao. Ukizifuata, brashi huchimba sehemu laini na mbao hubaki na mifereji. Na viatu vyako viache gatini.

Wakala ananitaka shilingi milioni 3, eti kazi ipo na viza ipo. Nimpe?

Usimpe hata senti. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 (MLC) unakataza kumtoza baharia ada ya kutafutiwa kazi. Cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti unaweza kujilipia. Viza ni juu ya mwenye chombo.

Mwambie akupe namba ya IMO ya yoti, yaani namba ya utambulisho wa chombo ya Shirika la Kimataifa la Bahari. Ina tarakimu 7, na unaweza kuikagua mwenyewe. Zidisha tarakimu sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2, kisha jumlisha. Kwa 9074729 ni 63+0+35+16+21+4, jumla 139; tarakimu ya mwisho ya jumla ni 9, sawa na ya mwisho ya namba. Isipolingana, namba ni ya kubuni. Ikilingana, itafute mtandaoni uone kama jina la chombo ni lile lile ulilotajiwa, kwa sababu tapeli anaweza kuazima namba ya meli nyingine.

Mimi ni binti wa Wete, navaa hijabu. Kuna nafasi yangu?

Ipo, ila chagua idara kwa macho mawili. Huduma za ndani ni vitanda, nguo na meza, na mezani kuna kumimina mvinyo. Sitahani na kwenye mitambo hilo halipo. Sare na hijabu viulize kwa maandishi kabla ya kutia sahihi, na majibu yahifadhi. Kuhusu Ramadhani, panga zamu na mkuu wako mapema. MLC inadai mapumziko yasiyopungua saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki.

Msimu wa kuajiri ni lini?

Bahari ya Mediterania huwa na shughuli kuanzia Mei hadi Septemba, kwa hiyo manahodha hutafuta watu Machi na Aprili. Karibiani shughuli ni Desemba hadi Aprili. Usisafiri kwenda Antibes (Ufaransa) au Palma (Hispania), bandari zenye yoti nyingi, kwa viza ya utalii ukazunguke magatini kuomba kibarua: viza hiyo hairuhusu kazi, na ukikamatwa utaharibu maombi yako ya baadaye. Tuma vyeti ukiwa hapa hapa.