Mwulize Fundi: Tulitoka kuona ziwa, tukalala Rusinga

*Fundi, habari ya kazi? Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza mitumba soko la Kibuye hapa Kisumu. Jumamosi moja mume wangu, ambaye ni kinyozi, hakufungua kinyozi chake. Alfajiri aliniambia, "Vaa viatu, twende tukaone ziwa." Nikacheka, maana ziwa tunaliona kila tukienda Dunga. Tukapanda pikipiki yake ya cc 125. Alisema ni Kendu Bay tu, tule samaki turudi. Kendu Bay akasema Homa Bay si mbali. Homa Bay akasema maadamu tumefika huku, heri tumalizie Mbita. Jioni tulikuwa kisiwani Rusinga na tukalala huko huko.*

*Fundi, sijawahi kufurahi vile tangu niolewe. Ila mgongo ulinikomesha. Nilikuwa na rinda, nikakaa upande mpaka Katito, ndipo aliponivua aibu akanipa suruali yake ya trakisuti nikavaa ndani. Tukirudi, cheni ikaanza kupiga kelele. Watoto tulimwachia wifi, na mama mkwe akasikia habari kwa jirani. Mpaka leo ananijibu salamu tu. Mume wangu anasema safari ijayo tutavuka kwa feri ili tusirudie njia moja. Je, ubovu ni wa mgongo wangu au wa pikipiki? Feri hubeba pikipiki? Na mama nimwambie nini?*

*Mke wa kinyozi, Nyalenda*

Shemeji, barua yako niliwasomea vijana wa gereji wakati wa chai, wakaacha mandazi. Wavulana walimsifu mumeo. Binti anayejifunza kazi kwangu akauliza swali moja tu: "Huyo mama alikuwa na helmeti?" Nikairudia barua mstari kwa mstari. Hukutaja.

Basi tuanzie hapo, maana hayo mengine yote yana spana yake. Sheria ya trafiki ya Kenya inawataka nyote wawili, anayeendesha na anayebebwa, mvae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga. Isiwe ile helmeti moja ya boda inayozunguka vichwa vya mji mzima, imelegea kamba, sponji imeisha. Yako iwe yako, ikukamate mashavu, na ukitikisa kichwa itikisike nacho. Kioo chake kiwe kizima pia. Barabara ya Homa Bay kwenda Mbita inaelekea magharibi, na alasiri jua linakaa machoni mwa dereva. Giza likianza kuingia, wale wadudu wa ziwani huinuka kama moshi, na ukiwa huna kioo utakula mboga ambayo hukuagiza.

Sasa mgongo. Nusu ya maumivu hayo uliyapata kabla ya Katito. Ukikaa miguu yote upande mmoja, kiuno kinajipinda safari nzima, na kila mumeo akishika breki unajizuia kwa msuli wa upande mmoja. Pikipiki nayo inalemea huko, dereva anairudisha kwa mikono bila kujua, na wote mnachoka. Panda kwa kutandaza miguu, suruali ndani ya rinda kama ulivyofanya, magoti yakiwa karibu na mapaja yake. Hakuna aliyekuja kukukagua Pap Onditi.

Nusu ya pili ni shoki. Nenda pale pikipiki ilipoegeshwa uchungulie shoki za nyuma. Chini ya springi, au juu yake kwa nyingine, utaona pete yenye vidato. Ninakuhakikishia iko kwenye kidato cha chini kabisa, jinsi ilivyotoka dukani, kwa sababu mumeo huendesha peke yake kwenda kazini. Ikiwa hapo, mkikaa wawili na begi, springi imeshakaa chini kabla hamjaondoka. Mkikutana na tuta, na njia ile kila senta ina matuta yake, mengine hayana hata alama, chuma kinagonga chuma na uti wa mgongo wako ndio unaomaliza kazi. Kuna spana yake maalumu iliyopinda. Azungushe pete ipande vidato viwili au vitatu, pande zote mbili sawa. Mkirudi airudishe, la sivyo akiwa peke yake itamrusha.

Upepo wa tairi pia. Pikipiki za kazi za aina hiyo nyingi huhitaji karibu paundi 32 kwa tairi la nyuma mkiwa wawili, na 28 hivi ukiwa peke yako. Soma kijitabu chenu, kama watoto hawajakichora. Usikubali kijana wa presha abonyeze kwa kidole akwambie "iko sawa, mama."

Cheni ilipiga kelele kwa sababu ya uzito ule ule. Mkipanda wawili, sehemu ya nyuma inashuka na mvutano wa cheni unabadilika. Kama ilikuwa imelegea tangu nyumbani, ndipo inapoanza kupiga kava. Aweke stendi kubwa, abonyeze cheni katikati upande wa chini. Icheze sentimita 2 hadi 3. Asipime mahali pamoja tu: azungushe gurudumu apime tena, kwa sababu cheni iliyochakaa hukaza hapa na kulegea pale. Ikiwa hivyo, asiikaze, anunue mpya pamoja na sproketi zake. Kuna jambo ambalo hata mafundi wengine hulisahau. Ukivuta gurudumu nyuma kukaza cheni, breki ya ngoma inajikaza nayo. Lazima ulegeze nati ya breki, la sivyo mnatembea breki imeshika, ngoma inachemka, mafuta yanaisha, na mumeo analaumu upepo.

Feri hubeba pikipiki. Hapa mumeo ana akili. Kutoka Mbita mnavuka hadi Luanda K'Otieno, kama saa moja majini, kisha mnapita Ndori na kutokea Kisian, mmeingia Kisumu kutoka upande wa pili. Mmezunguka Ghuba nzima ya Winam, ule mkono wa ziwa unaoingia hadi Kisumu. Vukeni asubuhi. Ziwa huwa limelala saa hizo. Alasiri upepo huvuma, feri inayumba, na mvua ya radi ya huku wewe mwenyewe unaijua. Saa ya kuondoka muulize gatini Mbita siku iliyotangulia, si mwenye lojingi. Ndani ya feri, ishukeni, itiwe gia ya kwanza, iegemee kitu kisichosogea, na mumeo asiende kupiga picha mpaka aone imetulia.

Njia yenyewe mmeichagua vizuri, ingawa mlikimbia mno. Kutoka Ahero mnapata mashamba ya mpunga na yange weupe, halafu ule ukuta wa miinuko ya Nyabondo unawafuata mkono wa kushoto. Kendu Bay mlikula samaki mkaondoka, nadhani, bila kuingia Simbi. Ni ziwa dogo la kreta, kilomita chache tu kutoka mjini, maji yake ya chumvi na siku nyingine lina heroe. Wazee wanasema palikuwa na kijiji. Bibi kizee alifika usiku wa ngoma akaomba hifadhi, wakamfukuza, na kijiji kikazama. Hadithi ya mgeni aliyefika bila taarifa, shemeji, na nyinyi mlikuwa wa aina hiyo hiyo. Bahati yenu Rusinga walikuwa na kitanda.

Na Rusinga mkirudi, msilale tu. Ndiko alikozikwa Tom Mboya, waziri aliyepigwa risasi Nairobi Julai 1969, na kaburi lake linatembelewa. Kisiwa hicho hicho ndiko mtafiti wa mabaki ya kale Mary Leakey alikochimbua fuvu la Proconsul mwaka 1948, nyani wa kale wa mamilioni ya miaka. Mumeo ni kinyozi, atapenda kujua kichwa cha kale kilikuwaje.

Sasa mama. Hapa mimi si fundi, lakini nina mama na nina mke. Sidhani amekasirikia pikipiki. Amekasirika kwamba jirani alijua wajukuu wake wako wapi kabla yake. Usiende wewe kueleza, atakuona unajitetea. Aende mwanawe, akae kwenye kiti na si kusimama mlangoni, aseme: "Mama, tuliondoka bila kukuambia, haitatokea tena." Asiseme "lakini." Wewe uingie baadaye na omena wa Mbita, wale wadogo waliokauka vizuri, wasiokuwa na mchanga. Safari ijayo mpigie simu mkiwa bado mlangoni kwenu, hata kama ni saa kumi na moja alfajiri. Hamuombi ruhusa, mnamwambia mlipo na watoto wako kwa nani. Mkibadilisha mawazo Homa Bay, mpigie tena.

Wale masista wa kanisani ambao hukuwataja, lakini najua wapo, waache waseme.

*Fundi, nimeoa mwaka huu. Nina pikipiki ya 100 na nataka kumshtukiza mke wangu tutoke Nakuru hadi Kisumu wikendi moja. Itavumilia?*

*Bwana harusi, Section 58*

Itafika. Nyinyi ndio sijui. Kutoka Nakuru unapanda hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, baridi na ukungu, kisha unashuka Kericho kwenda Ahero. Ukiwa na 100 na watu wawili, kwenye mlima utakuwa gia ya pili huku lori linapumua kisogoni. Mke wa mwaka wa kwanza hafai kujaribiwa hivyo.

Geuza kaskazini. Nakuru, Mogotio, Marigat, Kampi ya Samaki ufukweni mwa Ziwa Baringo. Barabara ni lami na magari makubwa ni machache kuliko ile ya Mau. Mogotio mnavuka ikweta, mpige picha mwendelee. Baringo mtaona jinsi maji yaliyopanda miaka ya karibuni yalivyomeza majengo ya kando ya ziwa, mapaa mengine yamebaki juu tu. Panda boti na mtu anayejulikana pale, na msitie miguu majini, mamba hawajui kwamba ni fungate.

Kwenda ni mteremko, kwa hiyo breki zikaguliwe kabla. Kurudi ni kupanda, basi ondokeni mapema, kabla injini haijapambana na jua la Marigat. Jaza tanki Nakuru, beba maji ya kutosha watu wawili, na leseni iwe na daraja A2, lile la pikipiki. Na usimshtukize kabisa: mwambie usiku avae suruali na mikono mirefu. Mnakokwenda, mfiche ukitaka.